Kurwa wa Julai, Doto wa Agosti

Loveland, Ohio
11 Januari

Dada yangu mpendwa Ro (Benedicta ni jina lako la utawa, mimi nitakuita la nyumbani),

Natumaini barua hii inakukuta mzima wewe na masista wenzako, na Mama Mkuu, na yule Sista Walburga wa miaka tisini ambaye kila mwaka mnaniandikia kwamba ndio anaondoka na kila mwaka haendi popote. Sisi huku hatujambo. Haradali yenu mliyoisaga mkatutumia Krismasi imefika, chupa zote salama isipokuwa moja iliyopasukia ndani ya sanduku la barua, na sasa kila bili inayoingia inanukia soseji. Shemeji yako Doug anakusalimu. Mgongo wake umepona, malalamiko yamebaki. Mapacha wako darasa la tisa, wamenipita kwa urefu na wanavaa viatu vyangu bila kuniomba.

Sasa nikwambie linaloninyima usingizi. Wakubwa wa mpira wa vijana wa nchi hii wamekaa wakabadilisha mstari wa umri. Zamani mtoto alihesabiwa kwa mwaka aliozaliwa, Januari mpaka Desemba, basi. Kuanzia msimu ujao mwaka wao unaanza tarehe mosi Agosti, ili watoto wa darasa moja wacheze pamoja. Walipotutangazia kwenye mkutano wazazi tulipiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote. Nilikuwa nimeshafika kwenye gari, nimeshafunga mkanda, ndipo nikakumbuka wanangu wamezaliwa lini.

Greta alizaliwa tarehe thelathini na moja Julai, saa sita ya usiku ikikaribia. Louisa akaja saa sita imeshapita, tarehe mosi Agosti. Watoto wa tumbo moja, wanaokaa dawati moja na kugombania dawa ya meno moja, kwa mpira sasa kurwa ni mkubwa wa mwaka mzima kuliko doto wake.

Louisa anaruhusiwa kupanda kwa wakubwa, lakini kocha wake hataki kumwachia kwa sababu ndiye anayefunga magoli. Greta haruhusiwi kushuka. Na huko kwa wakubwa, Ro, kuna wasichana wenye mabega kama ya Doug. Greta wangu ni beki wa kuomba samahani. Akimkanyaga mtu anasimama kumuuliza kama ameumia, na wakati huo mpira uko wavuni. Majaribio ya kuchagua wachezaji ni Mei. Watamtema, na kwa mara ya kwanza tangu walipokuwa wanavaa jezi zinazofika magotini, watoto hawa watatenganishwa. Usiniambie habari ya timu ya shule. Klabu yetu haitaki mchezaji aguse mpira wa shule, ukiugusa umejifukuza.

Wewe ulikuwepo chumbani siku ile. Ulisimama upande wa saa. Saa ile ya hospitali ilikuwa inakimbia, nina hakika. Niandikie tu kwa mkono wako, na muhuri wa monasteri chini, kwamba wote wawili walizaliwa upande mmoja wa usiku. Upande upi, chagua mwenyewe. Nani atamkatalia mtawa?

Mdogo wako,
Colleen


Monasterini, Dakota Kusini
29 Januari

Mpendwa mdogo wangu Colleen,

Amani ya Bwana iwe nyumbani kwako, na pole kwa sanduku la barua. Sisi tunamshukuru Mungu. Theluji imefika kwenye madirisha ya jikoni na kuku wamegoma kutaga. Sista Walburga aliteleza ghalani akakalia gunia la mbegu za haradali. Hakuumia, ila ametuomba tusimwambie mtu, na mimi nakwambia wewe tu. Tunajaribu haradali mpya yenye asali. Mama Mkuu anaona ni tamu mno kwa watu walioweka nadhiri. Mimi naona mbegu zilitakiwa kulowekwa siku moja zaidi, kisha siki iingie polepole, siyo kumwagwa kama tunavyofanya tukiwa na haraka ya kuwahi sala.

(Hapa nimekata kurasa mbili za haradali baada ya kuzisoma mwenyewe.)

Barua yako niliisoma mezani, maana Jumapili tunaruhusiwa kusomeana habari za nyumbani. Sista Walburga alitaka irudiwe. Alitaka kujua beki anayeomba samahani anachezaje, nikamwambia hata mimi najiuliza.

Kuhusu saa, nimeiona sehemu hiyo ya barua. Watoto wenyewe wanasemaje? Hujaniandikia.

Na wewe unakuja lini? Mwaka juzi ulisema baada ya mashindano ya Louisville. Mwaka jana ukasema baada ya yale ya Indianapolis. Chumba cha wageni kina blanketi jipya, na hakuna aliyelilalia.

Nawaombea,
Sista Benedicta


Loveland
11 Februari

Dada Ro,

Salamu nyingi, nasi wazima. Doug ameanza kula kabichi kwa sababu ya moyo na nyumba nzima inalipia. Barua yako ilikuwa na haradali ukurasa mzima na saa mstari mmoja, nikajua unanikwepa. Ulikuwa hivyohivyo ulipovunja birika la Mama. Ulizungumzia hali ya hewa siku nzima.

Nimekwenda kwenye mkutano wa klabu. Mkurugenzi wetu anaitwa Bwana Trevor, ametoka Uingereza, na nadhani nusu ya ada tunailipia lafudhi yake. Alipouliza kama kuna swali nilisimama. Nilimwambia hivi: Kanisa letu linahesabu uhai tangu kutungwa mimba, na siku hiyo wanangu walikuwa pamoja. Kwa hiyo wana umri mmoja, na kama klabu ina hoja dhidi ya Kanisa, iilete. Mzazi mmoja Mlutheri akakohoa. Bwana Trevor akasema kwa sauti yake ile ya redio kwamba swali ni zuri sana na atalifikisha mbele. Mpaka leo halijarudi. Wanawake wawili wameacha kukaa karibu nami uwanjani, lakini mmoja nilikuwa simpendi tangu zamani.

Unauliza watoto wanasemaje. Watoto wana miaka kumi na minne, Ro. Wanasema "sijui" na "poa". Doug naye kila siku, "Si uwaulize?", akiwa amelala kwenye kochi na bakuli la kabichi kifuani. Mimi ni mama yao. Nimewakalia kwenye viti vya kukunja kwenye mvua, jua na upepo. Nikihitaji kuambiwa wanachotaka, nilikuwa nafanya nini kule?

Kuja nitakuja. Machi tuna Nashville, Aprili St. Louis, baada ya hapo tutaona.

Nijibu kabla ya Jumatano ya Majivu, tafadhali. Najua mkishapakwa majivu hamfungui barua mpaka Pasaka.

Colleen


Monasterini
17 Februari

Mpendwa Colleen,

Naandika nimesimama. Kesho kapu la barua linafungwa, na Mama Mkuu yuko mlangoni na ufunguo.

Tumecheka kuhusu kutungwa mimba mpaka Sista Walburga akaletewa maji. Mama Mkuu anasema hoja yako ni safi ila umeipeleka kwenye mahakama isiyohusika.

Jibu la saa bado. Jambo moja tu: siku ileile iliyokuja barua yako, ilikuja nyingine kutoka Ohio, ambayo siyo yako. Mwenyewe ameniomba ninyamaze, nami nitanyamaza. Nakwambia ili usije ukasema baadaye nilikuficha kwamba ninaficha.

Kwaresima njema. Kula samaki.
Sista Benedicta


Loveland
22 Februari

Ro,

Najua husomi. Naandika hata hivyo, kwa sababu mtu hawezi kuandikiwa maneno kama yale halafu akae siku arobaini bila kujibu. Nani amekuandikia? Nimemuuliza Doug. Amesema yeye hajaandika barua tangu alipokuwa jeshini na hata hizo aliandikiwa na rafiki yake. Anaonekana mwongo, lakini Doug huonekana hivyo hata akisema jina lake.

C.


Loveland
14 Machi

Ro ambaye husomi,

Jana kulikuwa na chakula cha samaki cha Ijumaa ya Kwaresima pale parokiani. Nilipewa kazi ya kukaanga viazi. Alikuja Bwana Pohlman, mwalimu wa historia wa shule ya mapacha, anayefundisha timu ya wasichana na kuvaa kaptula hata kwenye theluji. Alichukua viazi, akachukua vingine, halafu akaniuliza Greta anaendeleaje. Siyo Louisa. Greta. Nilimuuliza kwa nini anauliza. Akasema ana mikono mizuri. Nikamuuliza mikono ya nini, akasema samaki wanapoa, akaondoka.

Nilipofika nyumbani niliitazama mikono ya Greta wakati wa kula. Ni mikono ya kawaida. Aliificha chini ya meza.

Nashville tulishinda. Louisa alifunga mawili. Greta aliomba samahani mara moja tu, nikamsifu njia nzima.

C.


Loveland
28 Machi

Dada,

Nimechoka kusubiri Pasaka. Ndani utakuta hati ya kiapo niliyokuandalia, nimeipiga chapa vizuri. Wewe weka sahihi tu pale chini na uirudishe. Majaribio hayako mbali, na mimi kila nikiwaona wamelala, mmoja kakunja mguu kulia na mwingine kushoto, nafikiri wanawezaje kuwatenganisha hawa. Mtu anafanyaje kitu kama hicho. Hilo ndilo linalonishinda kuelewa.

Colleen


Monasterini
6 Aprili, Jumatatu ya Pasaka

Mpendwa sana mdogo wangu,

Kristo amefufuka, na kapu limefunguliwa. Tumeimba mpaka Sista Walburga akapoteza sauti, naye amefurahi kwa sababu sasa anaelekeza watu kwa fimbo. Kuku wameanza kutaga. Haradali ya asali imeuzwa yote, na Mama Mkuu anajifanya ilikuwa wazo lake.

Nilisoma barua zako tatu mfululizo nikiwa nimekaa kwenye ngazi za ghala. Ile ya Bwana Pohlman na mikono nimewaazima masista, samahani.

Hati yako nairudisha bila sahihi. Imeandikwa vizuri, hasa pale ninaposema "mimi, mtawa nisiyejua kudanganya". Colleen, saa sikuitazama. Nesi ndiye aliyetaja muda. Mimi nilikuwa nimekushika mkono na wewe unaniponda vidole, na nilikuwa natazama uso wako. Sina cha kuapia. Hata kama ningeitazama nisingeapa, na wewe unalijua hilo, ndiyo maana ulihangaika kuipiga chapa.

Lakini kuna tarehe nyingine ambayo sijawahi kukwambia, na nadhani imefika wakati. Hapa hawapokei mwanamke aliyefikisha miaka arobaini. Ndivyo ilivyo. Mimi nilikuwa natimiza arobaini mwisho wa Agosti ileile. Nilikuwa nimeahirisha na kuahirisha, na mapacha wako walikuwa hawajamaliza mwezi nilipofunga sanduku langu. Wewe ulidhani nimekimbia nepi. Uliniambia hivyo kwenye kituo cha basi, ukiwa umembeba mmoja na Doug mwingine, nami sikujibu.

Sikujibu kwa sababu ningekwambia kuhusu mstari ule, ungeniomba nibaki mpaka watoto wakue kidogo, na ningebaki. Ningebaki kwa ajili ya meno, kisha homa, kisha siku ya kwanza ya shule. Niliulaani mstari huo njia nzima mpaka Dakota. Nililia mpaka abiria wa pembeni akahama kiti. Sasa namshukuru aliyeuchora, maana mimi mwenyewe nisingeuchora kamwe. Nilikuwa nakupenda mno, nisingeweza kuondoka bila kusukumwa.

Hiyo ndiyo habari yangu. Usiijibu upesi.

Kuhusu ile barua nyingine, bado nimenyamaza. Ila muulize Greta anataka nini. Muulize ukiwa unaendesha, macho yako yakiwa barabarani. Na Doug asiwepo, atajibu yeye.

Sista Benedicta


Loveland
24 Mei

Dada Ro,

Hatujambo, natumaini nanyi hamjambo. Nimechelewa, najua. Barua yako nilikaa nayo. Niliisoma nikakasirika, nikaiweka kwenye droo ya vijiko, nikaisoma tena nikalia jikoni, na Doug alipoingia nikasema ni vitunguu. Hakukuwa na kitunguu hata kimoja nyumba nzima. Akaenda kununua. Kuhusu arobaini sitasema kitu leo.

Nitasema kuhusu Greta. Wiki moja kabla ya majaribio nilikuwa narudi naye kwa daktari wa meno, wawili tu, nikakumbuka maneno yako. Nikakazia macho barabara nikamuuliza, "Wewe mwenyewe unataka nini?"

"Kuhusu kula?"

"Kuhusu mpira, Greta."

Tulipita taa mbili za barabarani. Kisha akasema, "Nataka kuchezea shule. Nataka kutembea kwenda mazoezini na kina Bea wa darasani kwetu badala ya kukaa kwenye gari. Na sitaki kuwa beki, Mama. Nataka kuwa kipa."

"Na Louisa je?"

"Mama, tunalala chumba kimoja. Nitammisi saa ngapi?"

Nilipitiliza njia ya kutoka barabara kuu nikajikuta nimevuka mto, niko Kentucky, jimbo jingine kabisa. Akaniambia amekuwa akidaka kwa siri kule shuleni tangu Januari, wakati wa chakula cha mchana, Bwana Pohlman akimpigia mipira. Akaniambia alikuandikia wewe, ukamjibu kwa mistari miwili kwamba aniambie mwenyewe. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Nilikuwa nasubiri uniulize." Tukanywa soda Kentucky, tukarudi.

Kwa hiyo majaribio ameenda Louisa peke yake. Amepita, kama kawaida. Lakini tulipomwambia habari za Greta aliinuka mezani, akaenda chumbani akafunga mlango kwa ufunguo. Ni chumba cha wote wawili, kwa hiyo Greta alilala kwenye kochi, na Doug, ambaye kochi ni lake, hakuwa na pa kukaa. Amemwita mwenzake msaliti. Hawasemeshani. Asubuhi Louisa ananiambia, "Mwambie yule anipe maziwa," na yule amekaa mbele yake.

Hili ndilo nililokuwa naliogopa. Nilidhani litaletwa na watu wa mpira, kumbe lilikuwa limekaa mezani kwangu linakula.

Colleen


Monasterini
15 Juni

Mpendwa Colleen,

Salamu za hapa ni za joto na mbu. Tumepanda shamba lote la chini. Sista Walburga amehamia upande wa Greta na anamwombea kila siku kwa jina la kipa, kwa sababu anasema magoli yanajiombea yenyewe.

Louisa usimlazimishe. Aliyeachwa ana haki ya kununa kwa muda. Mimi nilinuniwa muda mrefu kuliko huo, na bado nipo.

Sikuulizi kuhusu ile habari ya arobaini. Nasubiri tu.

Sista Benedicta


Loveland
20 Septemba

Dada Ro,

Natumaini mko wazima na mavuno yameingia. Sisi wazima. Doug ameacha kabichi, daktari amesema moyo uko sawa, nasi sote tumemshukuru daktari. Mapacha wametimiza kumi na tano kwa keki mbili, kila mmoja siku yake. Louisa ndiye aliyetaka hivyo.

Miezi hii imekuwa mirefu. Walikuwa wanasemeshana kidogo, "funga dirisha" na "zima taa". Louisa alikuwa anaenda klabu na Doug, Greta anaenda shuleni kwa miguu, na mimi kwa mara ya kwanza sikujua nikae wapi. Nilikuwa na viti viwili vya kukunja ndani ya gari na kila siku kimoja kinabaki humo.

Alhamisi shule yao ilicheza nyumbani. Nilikuwa nimeshakaa nilipomwona Louisa anakuja, kofia ya sweta imefunika mpaka pua. Alisema amefuata chakula tu. Kweli alikuwa na sahani ya tambi zenye mchuzi wa nyama na jibini juu, lakini alienda kuila nyuma kabisa ya goli la Greta.

Nikwambie ukweli, tulipigwa. Tulipigwa tano. Mabeki wa Bwana Pohlman ni wasichana wazuri sana wenye adabu, wanampisha kila mtu. Kila goli likiingia, Louisa anawafokea mabeki kwa majina. Refa akamwendea akamwambia akae chini. Louisa akamjibu, "Yule ni dada yangu. Mwenye ruhusa ya kumfunga ni mimi."

Kisha wapinzani wakapewa penalti, wangetufunga la sita. Msichana aliyesimama kupiga alikuwa na mabega kama ya Doug. Nikafumba macho. Nilisikia Louisa anapiga kelele, "Kulia kwako, Greta, anaangalia kulia!" Nilipofumbua, Greta alikuwa chini na mpira umemgonga ngumi ukatoka nje, unabingirika kwenye nyasi moja kwa moja mpaka miguuni kwa Louisa.

Louisa aliruka nyuma na mikono juu, sahani ikamwagika. Mpira wa shule, unaona. Haruhusiwi kuugusa. Uwanja mzima unamsubiri aurudishe, na yeye kasimama anautazama kama umetumwa na Bwana Trevor.

Greta akainuka, tope mpaka kwenye nywele, akasema, "Nipe basi, we doto."

Louisa akautazama tena. Halafu akaupiga, Ro. Aliupiga vizuri, ukaenda juu ya goli ukatua mikononi kwa Greta, na Greta hakuhitaji hata kusogea. Wakacheka wote wawili kicheko kilekile. Kama Bwana Trevor alikuwepo, basi aniandikie barua. Nitamjibu baada ya Kwaresima.

Usiku ule mlango wa chumba chao ulikuwa wazi. Wanacheza timu mbili na bado ni mapacha. Wewe ulijua, Greta alijua, Doug alijua akiwa kwenye kochi. Mimi ndiye niliyetaka kuhamisha saa.

Sasa arobaini. Nilikukasirikia, Ro. Nilidhani uliwatazama wale watoto wawili ukaona mzigo. Kila uliponialika nilikuwa na mechi, na mechi zilikuwepo kweli, lakini nilifurahi zilipokuwepo. Kumbe na wewe ulikuwa na majaribio yako, na siku yako ya mwisho. Ningekuomba ubaki, hilo umesema kweli. Ungebaki, na leo ungekuwa unaishi kwenye chumba chetu cha chini unagombana na Doug kuhusu kabichi. Nimekukosa kila siku. Hata siku nilizokasirika nilikukosa.

Jumamosi ya tatu ya Oktoba shule haina mechi. Louisa anacheza Jumapili, na Doug atampeleka. Nimeitazama kalenda nikadhani nimekosea, nikaitazama tena. Sina mahali pa kukaa na kiti changu.

Je, naweza kuja?

Colleen


Monasterini
25 Septemba

Colleen,

Njoo.

Salamu utazikuta huku, nataka barua hii iwahi gari la posta. Habari ya penalti nimeisoma mezani na imerudiwa. Sista Walburga anasema uje na mpira. Ameshachagua goli, ni mlango wa ghala la haradali, na atadaka akiwa amekaa kwenye kiti. Mwonee huruma, lakini usimwachie, atajua.

Lete na kiti chako cha kukunja. Lete vyote viwili.

Mama Mkuu ameniuliza utakuja saa ngapi ili ajue aniruhusu kutoka shambani lini. Nimemwambia asihangaike na saa, mimi nitakuwa getini tangu asubuhi.

Ro